Kikohozi cha Jumamosi

Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikanyamaza. Watu waliokaa kwenye viti vya kukunja kando ya uwanja wakaangua kicheko.

"Merv!" aliita Lorna Pascoe. "Mgonjwa wako kazidiwa tena!"

Merv Rodda alikuwa ameshaanza kwenda kabla hajaitwa. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa shati, na shati lilikuwa limepigwa pasi, jambo ambalo watu wa mji mdogo wa Kadina hawakuwa wameliona tangu mkewe afariki.

"Mzee mzima unajimwagia manukato halafu unainamia petroli," alisema rafiki yake Clarrie, mdomo umejaa pasti, kile kimkate cha nyama. "Utalipuka, bwana."

"Kula, Clarrie."

"Ninakula. Ila niambie kitu kimoja. Pampu za visima, matrekta, mashine za kunyolea kondoo, vyote vinakutii. Kainjini ka ndege ya kuchezea, ukubwa wa ngumi, ndiko kanakutoa jasho tangu mavuno mpaka leo Pasaka?"

Jibu Merv alikuwa nalo, ila halikuwa la kusemwa mbele ya watu.

Lorna, mjane mwenye macho ya kucheka, aliileta ndege ile kwenye klabu yao ya ndege za kuchezea siku moja ya joto kali. Ilikuwa ya njano, mabawa mapana kuliko mikono ya mtu aliyeinyoosha. Alisema ni ya marehemu mumewe, na kwamba yeye hajui hata skrubu ipi ni ya nini. Merv akajitolea. Akaigeuza skrubu ya kabureta huku na huku mpaka mafuta na hewa vikapatana na injini ikaimba. Kisha Lorna alipogeuka kumimina chai, mkono wa Merv ukairudisha skrubu kidogo, unywele tu. Petroli ikizidi, injini hukohoa. Injini ikikohoa, Lorna huita. Na Lorna akiita, moyo wa Merv, wenye umri wa kutosha kutulia, ulirukaruka kama mwanakondoo aliyefunguliwa zizi.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Kitu kimoja tu kilimtatiza. Aliiacha skrubu imepotoka unywele, lakini Jumamosi ikifika aliikuta imepotoka zaidi. Alilaumu barabara ya vumbi na mtikisiko wa gari.

Siku hiyo ya maonyesho ya Pasaka, Lorna alimngoja mpaka akachuchumaa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Merv, leo ikizima angani, basi. Naiuza. Binti yangu ananiita Perth kila siku. Nitaenda nikakae naye."

Perth! Merv alihisi kama amemwagiwa ndoo ya maji ya baridi. Akiiharibu, Lorna anahama. Akiitengeneza, nani atamwita tena Jumamosi?

Akaitazama ile skrubu. Akavuta pumzi.

"Shika mkia," alisema.

Lorna akaushika. Merv akalizungusha pangaboi, injini ikawaka ikikohoa. Akaja nyuma ya bawa, akaiacha izunguke kwa kasi yote, akaibana skrubu taratibu, sikio limeinama. Moshi ukapungua. Kikohozi kikawa mngurumo, mngurumo ukawa wimbo mmoja uliokaza, na kasuku wote waliokuwa kwenye mikaratusi wakapuruka. Safari hii Lorna alipogeuka, Merv aliutia mkono wake mfukoni na kuufungia humo.

Ndege ikaruka. Lorna aliishika rimoti, na jamani, ile ndege ilicheza! Ikapaa wima mpaka ikawa nukta, ikajipindua, ikashuka kichwa chini na kupita juu ya viti, kofia zikaruka, watoto wakapiga mayowe na mayai yao ya chokoleti mikononi. Clarrie aliangusha pasti. Merv alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe injini nzuri inaweza kumfanya hata mwanafunzi aonekane bingwa!

Ilipotua, watu walimzunguka Lorna wakimpongeza. Walipotawanyika, wakabaki wawili na ndege yao.

"Basi imepona," alisema Lorna.

"Imepona."

"Kabisa? Haitakohoa tena?"

Merv alitamani kudanganya. "Haitakohoa tena, Lorna."

"Haya." Lorna alikuwa akiyatazama majani. "Umefanya kazi nzuri. Mtu aweza kukaa miaka bila kukuhitaji."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo," alirudia Lorna. "Katuletee chai."

Merv akaenda kwenye gari lake, akajaza vikombe viwili. Njiani alikuwa akipanga maneno: pengine atamuuliza kama anapenda kuvua samaki, pengine atamwomba waende kula pamoja bandarini Wallaroo. Kila sentensi aliyoitunga ilikuwa ya kijinga kuliko iliyotangulia. Alipofika nyuma ya gari la Lorna akasimama ajipe moyo, akachungulia kupitia vioo.

Lorna alikuwa amepiga magoti kando ya injini. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akachomoa kijibisibisi kutoka ndani ya buti alilovaa mguuni. Bila kuinama kutafuta, kama mtu anayefungua kifungo cha koti lake mwenyewe, akaigeuza skrubu ya kabureta, akaipima petroli kwa ncha ya kidole, akaiongeza tena kidogo. Kisha akakificha kijibisibisi, akajipangusa mikono, akajaza mapafu.

"Merv!" alipiga kelele. "Merv, njoo upesi, sijui imekuwaje!"