Kundi la Barabara

Kichwa cha karatasi Eulalie alikiandika kwa haki: Kundi la Barabara. Uongo ulianzia chini yake. Majina thelathini.

Nje, mwanaume wa miwani nyeusi alikuwa anangoja ndani ya jeep, injini inaunguruma.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Eulalie alishika daftari ya phonie ya Papa Adalbert kule Nyalukemba, ile redio ambayo watu wa Bukavu walizungumzia na ndugu zao walionasa Bunyakiri, upande wa pili wa vita. Papa Adalbert alitaka kuwajua wateja wake, apange saa za kuwasha groupe, jenereta yake ya umeme.

"Usiangalie kabila wala mavazi," alisema. "Angalia vile wanafanya."

Basi Eulalie akaichambua daftari ukurasa kwa ukurasa: nani anakuja saa ngapi, anakaa dakika ngapi, anauliza nini. Kila kundi akalitungia kitendawili, maana ndiyo raha yake. Anaichekea redio mpaka betri inachoka: Wapenzi. Anagombana na mtu asiyemwona: Wachuuzi. Anakuja kila siku, dakika mbili, swali moja tu, "barabara iko aje?": hao ni Kundi la Barabara, wazazi ambao vita viliwafungia watoto wao ng'ambo.

Lakini askari angewaita wapelelezi. Kwa swali dogo kuliko hilo watu walishachukuliwa.

"Ni hawa wa barabara nataka," mwanaume wa miwani alikuwa amemwambia, kidole juu ya kundi hilo daftarini. "Majina na kwenye wanaishi. Mahali iko thelathini tu."

"Mahali gani, papa?"

"Usiniulize, maman. Na usiambie mutu. Nitawapitia asubuhi mapema. Wavae makoti."

Ndipo Eulalie, aliyemdhani ni askari, akarudi ndani, akawaandika Wapenzi badala ya wazazi. Ni vijana, alijiambia. Watahojiwa, upuuzi wao utawachosha askari, wataachiwa. Akatoka, akampa karatasi bila kumtazama usoni.

Kesho yake hakuja Mpenzi hata mmoja. Wala keshokutwa.

"Wapenzi wako wamegombana wote siku moja?" Papa Adalbert akamtania.

Eulalie akakimbilia uani. Alikuwa anamfikiria Chancelle wa mtaa wa Nguba, mmoja wa Wapenzi wa ile karatasi, aliyezoea kumbembeleza kama dada yake mkubwa: "Yaya, uniongezee dakika moja, mapenzi iko na njaa!" Jumapili kanisani, wengine walipoinuka kwenda kukomunika, Eulalie alibaki amekaa, uso kwenye kitambaa.

Faraja yake ilikuwa moja: Maman Constance, mama wa watoto watatu walioko Bunyakiri kwa nyanya yao. Alikuwa anakuja kama kawaida, anauliza, anaenda. Huyu angalau nimemwokoa, Eulalie alijiambia.

Siku ya tano, Maman Constance akiwa kwenye benchi anangoja zamu yake, mlango ulisukumwa. Chancelle. Matope mpaka magotini, kamshika kijana mkono.

"Yaya Eulalie! Huyu ndiye Gaston wangu! Sasa utamuona na macho!"

Eulalie akainuka mezani. "Walikuachia?"

"Nani aniachie? Ule papa wa miwani ni abbé, padri kabisa, yaya! Alificha kanzu ili wezi wa njia wasijue. Alipata ruhusa ya pande zote mbili, safari moja tu ya Bunyakiri, watu thelathini, kila mutu akamate wake kule, arudi naye. Kurudi na wa mutu mwingine, hapana. Alishangaa kuona ni sisi, hapana wazazi, lakini saa ya ruhusa ilikuwa inaisha."

Maman Constance alikuwa amesimama.

"Watoto," alisema polepole. "Mulikuta watoto?"

Kicheko cha Chancelle kikapungua.

"Wengi, maman. Waliambiwa wazazi wanakuja. Walijipanga pembeni ya lori, wamenawishwa, na kila mutu mwenye kushuka walimuangalia usoni."