Mstari wa Buluu

Mgeni alikataa kiti. Alisimama katikati ya sebule pale Matulo, mkoba bado begani, akasema hatakaa mpaka amalize lililomtoa Kitale.

"Naitwa Linah Jelimo," alisema. "Mzee, mimi ndio nilikukosea."

Mzee Makokha alimtazama. Mkono wake wa kulia ulitetemeka juu ya paja, kama ulivyotetemeka tangu kiharusi kilipompiga. Bintiye Nangila alisimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Hakuna aliyeuliza kosa gani. Nyumba ile ilikuwa na kosa moja tu, na lilikuwa limefikisha mwaka.

Mwaka uliopita Nangila aliomba ufadhili wa kusomea shahada ya uuguzi huko Kanada. Fomu aliijaza kwenye mtandao kwa wiki mbili. Siku ya mwisho mtandao ukapotea Matulo tangu alfajiri, na zamu yake ya zahanati kule Webuye haikumngoja. Akamwachia baba yake laptopu mezani, ukurasa wa mwisho ukiwa wazi. Kipanya kilimshinda mzee kwa mkono ule, ila kibodi hakikumshinda. Alikuwa mpiga chapa wa serikali mjini Bungoma kwa miaka thelathini na moja, na yeye alimwambia kila aliyeanza kazi pale neno moja: chapa haitaki macho, inataka hesabu.

Saa nne mtandao ukarudi. Nangila akapiga simu. "Baba, bonyeza sasa!"

Akabonyeza. Fomu nzima ikafutika, bila hata kumuuliza mara ya pili, na saa sita maombi yakafungwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Hiyo programu niliitengeneza mimi," Linah alisema. "Kila ukurasa ulikuwa na laini ya buluu. Ukipiga Tab, ile ya kuruka kisanduku hadi kingine, inazunguka mahali umefika, ndio mtu asiyetumia mausi ajue ako wapi. Mdosi wangu kazini akasema kwa ukurasa wa mwisho inachafua, ati inakaa kama makosa. Nikaitoa hapo tu. Na hapo ndio batani za Tuma na Futa zilikuwa zimekaa pamoja."

Alimgeukia Nangila. "Barua yako ya malalamiko niliiona mwezi jana. Ilikuwa imerundikwa na zingine, hakuna mtu alikuwa amejibu. Umeandika baba yako anatumia kibodi peke yake. Nimeacha hiyo kazi, lakini bado silali."

Alitoa laptopu mkobani, akafungua ukurasa ule wa zamani. "Jaribu. Usiguse mausi."

Nangila aliweka mwiko chini. Akapiga Tab mara kadhaa, akainama karibu na kioo, akapiga tena.

"Sasa niko wapi?"

"Hata mimi sijui," Linah alisema. "Na ni mimi nilitengeneza."

Nangila alibaki ameinama pale. Mwaka mzima hakuwa amemtukana baba yake hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma mzee. Tangu mama afariki walikuwa wawili tu. Kila asubuhi bado alimfunga vifungo vya shati, lakini kimya, macho yakiwa pembeni. Na kila alipochinja kuku, firigisi, ambayo kwa desturi ni ya mwenye nyumba, aliikatakata akaichanganya na mchuzi isijulikane imemwangukia nani.

"Si makosa yako, binti yangu," Makokha alimwambia mgeni. "Usijitwike."

"Unanihurumia tu, mzee."

"Sikuhurumii. Nakwambia ukweli. Wewe hukukosa kitu."

Linah akaangua kilio. Hatimaye alikaa. Makokha alimtilia chai kwa mkono wa kushoto, na sukari vijiko vitatu, akivihesabu kwa sauti kama kawaida yake. Kulikuwa na neno lililomjia mpaka kwenye meno, neno alilolibeba mwaka mzima kama gunia asilopata pa kulitua. Alifungua kinywa. Lakini Nangila alikuwa ameshapiga magoti mbele yake.

"Baba, nisamehe. Nilikuwa nasema, huyu mtu anaweza piga chapa kama amefunga macho, atakosaje kitu kimoja? Ndio nikakasirika. Kumbe ni hawa walikuzimia taa. Nimekununia mwaka mzima bure."

"Inuka, mama," alisema Makokha. "Inuka, usinipigie magoti."

"Mpaka useme umenisamehe."

Alisema. Angefanya nini? Nangila akamkumbatia, akacheka huku machozi yakimtoka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Kisha akatoka kukimbiza kuku, akimwita mgeni amsaidie kumzingira. Linah naye akavua viatu akakimbia. Makokha aliwasikia wakicheka uani, akaona aibu mpaka masikioni.

Walikula ugali saa nane. Nangila alimpa mgeni paja, kisha akaweka firigisi nzima, bila kuikata, kwenye sahani ya baba yake.

"Kula, Baba. Ni yako."

Makokha aliitazama mpaka ikaanza kupoa. Ukurasa ule ulikuwa na visanduku sita, kisha Tuma, kisha Futa. Mwaka jana alikuwa amevihesabu asubuhi ile kabla simu ya Nangila haijalia. Ilipolia alipiga Tab mara saba, akaisikiliza sauti ya binti yake ilivyojaa furaha, akaongeza moja, ndipo akabonyeza.