Mke Mwenza

Mtaa mzima ulichangia visikizi, vifaa vya masikioni vya kuwakinga na matusi watoto wa klabu ya baada ya masomo. Havivuliwi hadi mtoto amalize darasa la saba, na mtu akimtusi mtoto hata mara moja, sauti yake haimfikii tena.

Tunu aliporudi navyo, bibi yake alimpokea kama kila siku: "Karibu, mke mwenza! Mwizi wa mume wangu, sura kama ugali wa jana!"

Tunu alianza kucheka, kisha akaona midomo ya bibi ikicheza bila sauti.

"Adhabu haifutiki, mama," fundi wa visikizi alimwambia mama yake Tunu. "Kifaa hakijui utani."

Klabuni, mwenzake Shadya humnong'oneza kwa upole: "Tunu mpenzi, hakuna anayekupenda." Hamna tusi humo, kwa hiyo maneno hupita.

Jana Tunu alimuuliza bibi kwa nini hapendwi. Bibi alimshika mikono, akamjibu kwa kirefu. Tunu hakusikia hata neno.