Kifaru Afukia Mashimo

Kifaru, mkuu wa nchi ya wanyama, alikuwa hodari wa kukanyaga, si wa kuuliza. Vicheche watano walipozidi kupora raia na kukimbilia mashimoni, alitoka asubuhi akafukia kila shimo aliloliona. Jioni akamwita Kanga, mpelelezi wake.

"Wamebaki wangapi?"

"Hamsini, mzee."

"Si walikuwa watano?"

"Wengine ni nungunungu na panya buku uliowabomolea nyumba. Vicheche wamewapa pa kulala vichakani, sasa wako upande wao."

Kifaru akafoka, "Basi kesho nakanyaga hata vichaka! Wewe utanionyesha njia."

"Mimi nimekuja kuaga, mzee," akasema Kanga. "Asubuhi ulikanyaga na mayai yangu. Kuanzia sasa, wahesabu hamsini na mmoja."