Swali la Bonifasia

Sauti ilikuwa ya Restituta, mke wa mwanawe Kilian. Hata kile kikohozi chake cha kuanzia maneno kilikuwemo. Bonifasia hakubabaika. Aliacha kuchambua kahawa kichanjani, akasikiliza, mkono kiunoni.

Namba ilikuwa ngeni. Sauti ikasema uchungu umemshika kabla ya wakati, hukohuko ziwani anakofundisha. Simu yake imezima, gari hakuna. Mama atume pikapu imfuate.

Pikapu. Mwezi uliopita sauti ya Kilian, mwanawe wa kumzaa, iliagiza pikapu hiyohiyo ipeleke magunia kumi na mawili ya kahawa njia panda. Yakapelekwa. Kumbe Kilian alikuwa darasani, hajampigia mtu simu. Kijiji kizima cha Matiri kilimcheka: mwanao anasomea sauti za kughushi huko chuoni, nawe unaibiwa kwa sauti hizohizo.

Kilian hakucheka. Alimweleza kwamba siku hizi kompyuta hutosheka na sekunde chache za maneno ya mtu, ikamwiga mpaka pumzi.

"Tafuta swali lako, mama. Usimwambie yeyote, hata mimi. Ukisikia jibu la mashine, kata."

Bonifasia alilitafuta wiki nzima. Hakulipata kitabuni, alilipata jikoni kwake, akimtazama mkwewe, aliyekuja kumsalimu, akipika.

"Mimi naitwa nani?" akauliza sasa.

"Mama, ni mimi."

"Jina. Nililobatiziwa."

Mashine ingelitaja tu. Haina wa kumwonea haya. Lakini mkwe aliyefunzwa na wazazi wake hatamki jina la mama wa mumewe, hata ashikiwe panga. Miaka mitano ya ndoa, Restituta hajawahi.

Kikasikika kitu kama mtu anayemeza mate. Kisha, chinichini:

"Bonifasia."

Akakata. Alimpigia Kilian ajigambe, hakupatikana. Akawasimulia majirani, na safari hii walicheka pamoja naye. Namba ile iliita mara mbili zaidi, hakupokea.

Jioni gari la samaki likasimama uani. Akashuka muuguzi mwenye vumbi la safari, kanga ya Restituta imekunjwa mikononi mwake. Akaamkia, akamkabidhi kanga.

"Kabla hajatutoka alinituma nikutake radhi, mama," akasema. "Asingelitamka jina lako, ila alimwonea mtoto huruma."