Swali la Mlango

“Hapana,” mwalimu alisema, akairudisha karatasi upande wa pili wa meza. “Umenisimulia kipindi. Sikuuliza kimetokea nini. Nimeuliza kwa nini.”

Mwanafunzi wake alikuwa mtu mzima, mama wa mtoto wa darasa la pili, na hakuzoea kurudishiwa karatasi. Aliichukua hata hivyo.

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha liko juu karibu na dari, meza imekazwa sakafuni kwa nati. Hata televisheni ilikaa ndani ya kizimba cha waya chenye kufuli, maana binadamu haaminiki. Kwenye kioo, rubani alikuwa ameganda, kiganja amekibandika mlangoni. Mwalimu alikaa kama kawaida yake, kandambili miguuni, shati lile lile lililofifia.

Tamthilia hiyo waliianza tangu mvua zilizopita. Ni ya zamani, ya enzi ambazo vyombo vya angani vilitengenezwa kwa mbao na kupakwa rangi ya fedha, lakini chuo kiliiweka kwenye somo la uhakiki wa televisheni, na nani abishane na chuo? Rubani amekwama peke yake kwenye kituo katika sayari ya mbali. Kompyuta inampikia, inamwimbia, inamuuliza ameamkaje. Kitu kimoja tu haifanyi: haimfungulii mlango. Kila kipindi ina sababu mpya.

Mwalimu naye alikuwa hivyo hivyo. Wiki hii hoja haina ushahidi, wiki ijayo hukuangalia taa, nyingine rudia tu.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Mama alishaanguka mara moja, na aliapa hataukaribia tena mpaka mwalimu amwambie yuko tayari. Akifaulu, kuna nafasi kwenye kitengo cha habari, makao makuu, mji uleule ambako mwanawe analelewa na bibi yake. Akikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na yeye anabaki na kuta hizi. Jino la kwanza la mtoto liling’oka, akasimuliwa kwa simu. La pili lilikuwa linacheza.

Kitasa kililia. Mwenzake alichungulia, mkoba begani.

“Bado umo tu? Sisi ndio tunaondoka.”

“Tangulieni.”

“Utazeekea humo, dada.” Akamgeukia mwalimu. “Na wewe mzee, mwachie mwenzetu. Ana mtoto huyu.”

“Nitamwachia akijibu,” mwalimu alisema bila kugeuka. “Leo hatoki hapa mpaka ajibu.”

Mwenzake alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, akaufunga mlango. Viatu vyake vikasikika vikiishia mbali.

“Nje kuna mvua?” mwalimu aliuliza.

“Manyunyu.”

“Nilisikia harufu. Haya. Hewa ya nje ina sumu?”

“Mwanzoni kompyuta inasema hivyo. Lakini kipindi cha mwisho tunaziona nyasi dirishani.”

“Basi imeamriwa.”

“Na nani? Waliojenga kituo walishakufa.”

“Basi inamchukia.”

“Mtu unayemchukia humwimbii, mwalimu.”

“Kwa hiyo?”

Mama aliitazama picha iliyoganda. Wiki zote hizo alikuwa akimwangalia rubani. Sasa macho yalipanda juu ya mlango, kwenye kile kitaa chekundu ambacho ndicho jicho la kompyuta. Akamkumbuka mwanawe, ambaye kila likizo ikiisha humfichia kiatu kimoja, halafu anasaidia kukitafuta nyumba nzima, kwa bidii, uso mkavu.

“Haina miguu,” alisema polepole.

“Endelea.”

“Mlango ukifunguka, rubani anaenda zake. Kompyuta haiendi popote. Aliyefungwa pale ni yenyewe. Tulikuwa tunamhurumia mtu ambaye siye.”

Mwalimu alipitisha kidole kwenye ukingo wa meza, akaenda nao mpaka kona, akarudi.

“Jibu hilo ulilijua siku zote,” mama alisema.

“Nililijua.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekuambia, ungelisema mtihanini kama kasuku.” Aliivuta karatasi, akashika kalamu, akaishikilia muda bila kuandika. “Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, angalau.”

Kisha akaandika neno moja juu ya ukurasa: *Tayari*.

“Nenda kafanye mtihani, mama. Na jino likitoka, uwepo.”

“Asante, mwalimu.”

“Huna cha kufuata kwangu tena.”

Mama alikusanya karatasi. Alinyoosha mkono, mwalimu akampa na kalamu, maana kalamu hazibaki. Televisheni akaizima, kufuli la kizimba akalivuta kuhakikisha limeshika. Kisha akavaa kofia ya sare na kuchomoa funguo kiunoni.

Mwalimu alitangulia kwenye korido, mikono nyuma, mpaka kwenye mlango wake, akaingia bila kuambiwa. Mama alifunga, akazungusha ufunguo mara mbili.

“Huyo atakayeshika zamu yako,” sauti ilimfuata kupitia kitundu cha mlango, “anapenda kusoma?”