Kimya cha Kamishna

"Mashabiki wakizomea, Mama, usigeuke," Merrill Tate alimwambia mjane. "Kamera zinakulenga."

Lenora Vogt aliitikia kwa kichwa. Tangu mazishi ya mumewe hakuwa amelia, na leo hakuwa amekula. Mkate wa soseji alionunuliwa ulikuwa umepoa mapajani, haradali ikianza kukauka.

Merrill alikuwa ofisa wa ligi, na siku hiyo kazi yake ilikuwa moja tu: marehemu Harlan Vogt, kamishna wa besiboli, yaani mkuu wa ligi nzima, kwa miaka ishirini, akumbukwe kwa dakika moja ya kimya bila kuzomewa. Kazi gani hiyo, jamani! Kamishna huzomewa kila uwanja anaotia mguu, hata akija kukabidhi kombe. Ndiyo desturi. Na hapa ni Philadelphia, kwa watu wanaoweza kumzomea bibi harusi akichelewa. Isitoshe, Vogt ndiye aliyefuta msimu mzima wachezaji walipogoma. Mji huu haujamsamehe.

Lakini wamiliki wa timu walikuwa jukwaani wakitazama. Kesho yake wangepiga kura ili kombe la ubingwa liitwe kwa jina lake. Baadhi walikuwa wanasitasita, na walishasema wazi kwamba mtu anayezomewa hata akiwa kaburini, kombe hapewi.

Merrill alimsomea mjane wasifu utakaosomwa uwanjani. Timu mpya, mikataba ya televisheni, na lile lililomjengea jina kuliko yote: kumfungia maisha shemeji yake mwenyewe, mrusha mpira hodari, kwa kosa la kucheza kamari. Magazeti yaliandika: Haki Haina Shemeji.

"Kazik," Lenora alisema.

"Samahani?"

"Mdogo wangu. Hamkuandika jina lake."

Merrill akaomba radhi, akasema nafasi ilikuwa finyu. Kwa adabu akauliza Kazik anaendeleaje. Lenora akamjibu kwamba alifariki majira ya baridi, na kwamba Harlan hakwenda kuzika, maana kamishna haonekani karibu na mtu aliyefungiwa. Alisema hivyo kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Merrill akaona aibu, akabadilisha mazungumzo.

Wachezaji wakajipanga, kofia vifuani. Wasifu ukasomwa. Mtangazaji akaomba kimya.

Merrill akafumba macho. Akangoja. Hakusikia kitu. Akafumbua: wauza bia wamesimama tuli kwenye ngazi, walevi wa viti vya juu wamevua kofia, maelfu ya watu, na hakuna hata anayekohoa. Philadelphia hii hii! Alifurahi hadi machozi yakamlenga. Jukwaani, mmiliki mmoja akamtikisia kichwa mwenzake kukubali. Kombe limepatikana.

Hapo ndipo mtu akazomea. Sauti moja, kavu, ndefu, ikasikika uwanja mzima. Merrill akageuka kwa hasira, amtafute mlevi huyo atolewe nje.

Hakuhitaji kwenda mbali. Lenora alikuwa amesimama, viganja amevizungushia mdomo, anavuta pumzi aanze tena.